Bonasi ya Majani Imeingia na Paa Linavuja? Piga Hesabu Hii Kabla Utumie Fundi Doo

Kama wazazi wako ushago wanapeleka majani chai Kionyo, Githongo, Mungania ama Rukuriri, rada ya Oktoba unaijua. Bonasi ya KTDA inaingia, na siku hizo hizo mawingu yanaanza kujaa upande wa Mlima Kenya. Meru na Embu nzima inakumbuka paa kwa pamoja. Fundi anakuwa celeb, simu yake haishikiki, halafu wewe uko Nairobi unaitishwa "kakitu ya kuanza kazi."

Usitume bado. Hiyo chapaa ni mwaka mzima wa mathe kuchuma majani na baridi. Na mara nyingi haipotelei kwa leba. Inapotelea kwa mabati ya ziada, mbao mbichi na malipo ya mapema. Wacha tuchanuane.

Pima kwanza, bei baadaye

Tuseme paa lina pande mbili. Urefu wake, ukihesabu pale linapotokeza nje ya ukuta, ni mita 10.2. Mteremko wa kila upande, kutoka juu kabisa hadi ukingoni, ni mita 3.9. Unachukua mabati ya mita 4. Uliza hardware bati moja likishapandana na jirani yake linafunika upana gani. Usipewe upana wa bati likiwa limelala dukani. Kama linafunika mita 0.8, gawa 10.2 kwa 0.8, unapata 13 kila upande. Jumla 26. Ongeza moja ama mbili za kuharibika. Listi ya fundi ikisema 36, muulize kwa upole hizo zingine zinaezeka nyumba ya nani.

Kwa listi usisahau bati la kufunika mgongo wa paa, misumari, mbao za ukingoni, gata na gari ya kubeba mzigo. Hivyo vitu vidogo ndivyo humaliza doo kazi ikiwa katikati.

Geji isikuchanganye

Hapa namba kubwa ni bati nyembamba. Geji 28 ni nzito kuliko 30, na 30 ni nzito kuliko 32. Kwa macho tu ni ngumu kutofautisha, na hapo ndipo watu huuziwa 32 kwa bei ya 30. Soma maandishi yaliyo kwa bati lenyewe, tafuta alama ya KEBS, na risiti iandikwe geji, urefu, rangi na idadi. Peleka listi moja kwa hardware tatu, iwe ni Makutano, Gakoromone ama Embu town, ndio ulinganishe bei ya kitu kimoja.

Mbao ikiwa mbichi, ni noma

Mbao huuzwa kwa futi, na nyingi za hapa ni saiprasi ama grevillea ya shambani. Ikiwa mbichi itakauka ikiwa juu ya nyumba, ijipinde, misumari ilegee na bati lianze kupiga kelele na upepo. Inua moja. Ikiwa nzito kuliko unavyotarajia na ukiigusa ina unyevu, iache hapo. Nunua mapema, uzipange kivulini hewa ikipita katikati, na uzipake dawa ya mchwa kabla zipande.

Fundi anajulikana mvua ikinyesha

Picha za simu hazivuji, kwa hivyo usiziamini sana. Mwambie akuonyeshe nyumba mbili alizoezeka miaka miwili iliyopita. Nenda, ama tuma binamu, siku ya mvua, na muulize mwenye nyumba maswali mawili: linavuja? Na alimaliza kazi ama aliingia mitini? Kama ni bati la mawimbi, mwambie akuonyeshe anapopiga msumari. Jibu sawa ni juu ya mgongo wa wimbi. Akipiga kwa bonde, hapo ndipo maji hupita. Pia uliza kama ana kitambulisho cha NCA, mamlaka inayosajili makontrakta na kutambua mafundi wa mjengo. Na kama paa la zamani ni la asbesto, asilivunje na nyundo. Vumbi lake huleta kansa, kwa hivyo piga simu NEMA kwanza.

Lipa kwa hatua

Vifaa nunua mwenyewe. Ukiwa mbali, lipa hardware moja kwa moja na utumiwe risiti. Leba igawanye. Mkikubaliana thao 40, toa thao 10 mbao zikisimama, thao 20 mabati yakipigwa yote, na thao 10 ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza kupita bila tone ndani. Andikeni kwa karatasi, hata ya daftari, msaini mbele ya mzee mmoja. Fundi aliyelipwa yote mapema simu yake huwa "mteja" kabla gata ifungwe.

Na hii Oktoba je?

Meru na Embu, mvua ya Oktoba hadi Disemba haina mchezo. Ukibomoa paa Novemba, fundi akichelewa siku mbili mnalala na ndoo. Kama tatizo ni msumari uliolegea ama tundu dogo, ziba sasa. Kuezeka upya kungoje Januari ama Februari, jua likiwa limetoka na mafundi wakitafuta kazi.

Kwa hivyo bonasi ikiingia, mwambie mathe aiweke, nunueni mbao polepole zikauke. Nyinyi ndio mtachagua fundi, badala ya mvua kuwachagulia.