MTOTO ALIYEKAKAMAA MIGUU ANAKUA NAMNA GANI?



Hapa kwetu watu husema juu ya mtoto aliyekakamaa miguu: «Tungojee tu, akikomaa itajinyoosha.» Sisi wa mwaka wa sita tunajibu: hapana.

Ugonjwa huo unatoka katika ubongo, labda mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ao malaria ilimpanda kichwani. Kidonda cha ubongo hakiongezeki. Lakini mfupa unarefuka kila mwaka, na msuli uliokazana mchana na usiku unabaki mufupi. Ndiyo maana kisigino kinainuka, magoti yanapindika, hata nyonga inaweza kuteguka.

Kunyoosha viungo kila siku, plasta, ao dawa kama baklofeni vinalegeza msuli, vinausaidia ufuate mfupa. Ubongo haviuponyeshi. Tena kukakamaa kunakula chakula mwilini; watoto wengine wakilegezwa huongeza kilo. Basi tuwape uji mzito, pole pole, wakiwa wameketi wima.

Kule Goma kuna kituo cha walemavu, Shirika la Umoja. Njia ni mbali, na feza ni shida. Lakini wa miaka 2 anasaidika kuliko wa miaka 12. Tukienda vakansi, tuwaambie wazazi: msimfiche mtoto nyumbani.