Mahujaji Wamerudi Makka: Je, Aliyefiwa Yafaa Afurahi?

Mwaka 2020 na 2021 waliohiji ni wakazi wa Saudi Arabia tu. Mwaka 2022 Hija ilifunguliwa tena kwa wageni, na jumla ya mahujaji walioruhusiwa ilikuwa milioni moja. Na hapa visiwani safu za sala zimeshikana, majirani wanatembeleana. Alhamdulillah.

Lakini waliofiwa na wazee wao wanaona haya kufurahi. Ndugu Muislamu, kufurahia neema ya Mola wako si kumsahau marehemu wako. Mtume (S.A.W.) alipofikiwa na jambo la kufurahisha alisujudu kumshukuru Allah. Nawe sujudu, sijda moja inatosha. Kisha muombee marehemu, mtolee sadaka, na ucheke na wanao bila ya kujilaumu.

Wallahu a'lam.