Jicho la Kamoya Kimeu

Kila niingiapo katika Makavazi ya Taifa jijini Nairobi, huanza kwa kumwamkia Ahmed. Huyo ni yule ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu mno, ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya Rais hadi alipokufa mwaka wa 1974. Sanamu yake imesimama uani. Nilipoletwa humo mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, sikurudi nyumbani na jambo jingine ila yeye. Mifupa iliyogeuka jiwe niliipita kama mtu apitaye rundo la kokoto.

Kumbe kokoto hizo ndizo zilizolipa jumba lile sifa ulimwenguni.

Makavazi haya yalianzishwa mwaka wa 1910 na Wazungu waliopenda elimu ya viumbe. Jumba la sasa lilifunguliwa 1930, likaitwa kwa jina la Gavana Robert Coryndon, na jina hilo likaondolewa baada ya Uhuru. Kazi ya Mwafrika humo aghalabu ilikuwa ya mikono. Alichimba na kubeba. Aliyetia sahihi alikuwa mwingine.

Ndipo alipotokea Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani ambaye elimu yake ya darasani haikupita ya msingi. Mwaka wa 1960 aliajiriwa na akina Leakey kama kibarua huko Olduvai, Tanganyika. Miaka minne baadaye akaokota taya la kiumbe wa kale mahali paitwapo Peninj, karibu na Ziwa Natron. Kufikia 1977 alikwisha kupewa usimamizi wa maeneo ya historia ya kale nchini Kenya.

Lakini siku yake kuu ilikuwa mwezi wa Agosti, 1984. Ilikuwa siku ya mapumziko kambini, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kamoya hakulala. Alitoka kutembea kando ya mto Nariokotome, na miongoni mwa changarawe nyeusi akaona kipande cha mfupa kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, chenye rangi ile ile ya mawe yaliyokizunguka. Kilikuwa kipande cha fuvu. Wachimbaji waliofuata wakapata karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka wa 1985 Rais Reagan wa Marekani alimkabidhi Kamoya nishani katika Ikulu ya Washington. Alifariki 2022.

Hivi majuzi niliwauliza wanafunzi wa kidato cha nne ni nani aliyemgundua mvulana huyo. Darasa zima lilijibu kwa sauti moja: Leakey! Siwalaumu, ndivyo walivyofundishwa. Wala sidharau mchango wa akina Leakey, kwani bila uongozi na maandishi yao kipande kile huenda kingalibaki kokoto hadi leo. Ninachouliza ni hiki: kijana mwenye jicho kama la Kamoya akibisha hodi katika afisi ya umma leo, je, ataulizwa ajua nini, au ataulizwa cheti?

Makavazi ni zaidi ya vioo na maandishi ukutani. Nyuma ya milango isiyofunguliwa kwa wageni wamo watu wanaong'oa jiwe kutoka kwenye mfupa kwa sindano, chembe kwa chembe. Wamo watunzaji wa mimea iliyokaushwa, ambayo sehemu yake ililetwa kutoka Amani, Tanga, mwaka wa 1950. Wamo wanaowalisha nyoka (kazi ambayo mimi binafsi nawaachia wenyewe). Ni walimu wangapi wa ushauri wa kazi wanaozitaja ajira hizo?

Inapoachwa nafasi, matunda huonekana. Mwaka wa 2014, huko Napudet, Turkana, John Ekusi aliliona fuvu la nyani wa miaka milioni 13, ambalo sasa laitwa Alesi. Kiongozi wa msafara huo alikuwa Profesa Isaiah Nengo, Mkenya. Mwenye jicho na mwenye kalamu, wote wa hapa, na majina yote mawili yakatajwa.

Niliwasimulia wale wanafunzi habari za Kamoya hadi kengele ikalia. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akabaki kitini. Aliniuliza iwapo mtu kutoka Turkana, ambaye tangu utotoni amechunga mbuzi juu ya mawe hayo hayo, anaweza kuomba kazi hiyo, na barua aipeleke kwa nani.