Baiskeli ya Umeme kwa Chama cha Mlimani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua



Kahawa aina ya Arabika hustawi milimani, na kwa sababu hiyo vyama vyetu vingi vya msingi viko milimani. Katibu akaaye bondeni hupanda kila asubuhi kwenda ofisini na kushuka kila jioni, akiwa amebeba vitabu vya hesabu na wakati mwingine sampuli za kahawa. Wengi hutembea kwa miguu, au huisukuma baiskeli kwa mikono mahali palipo pakali, au hulipa nauli ya pikipiki. Sasa baiskeli za umeme zinapatikana madukani, na baadhi ya vyama vinafikiria kuzinunua kwa fedha za wanachama. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua, ili fedha hizo zisipotee.

Jambo kuu ni hili: baiskeli ifaayo tambarare si lazima ifae mlimani. Muuzaji aghalabu husifu kasi na umbali ambao baiskeli itakwenda kwa betri iliyojaa. Sifa hizo ni za barabara tambarare. Mlimani hatuna budi kuuliza maswali mengine.

Pima mlima wako kwanza

Kabla ya kuuliza bei, yafaa kujua mambo mawili: jumla ya mita unazopanda kutoka nyumbani hadi ofisini, na ukali wa mwinuko mahali palipo pabaya kuliko pote. Barabara inayopanda mita 10 katika kila mita 100 ina mwinuko wa asilimia 10.

Tuchukue mfano. Katibu ana uzito wa kilo 70, baiskeli kilo 25, na mzigo kilo 15. Jumla kilo 110. Kuupanda mwinuko wa asilimia 10 kwa mwendo wa kilometa 10 kwa saa huhitaji nguvu ya wati 330 hivi. Mtu mwenye afya akikanyaga pedeli kwa utulivu hutoa kama wati 100. Wati 230 zilizobaki hutolewa na mota. Mwinuko ukiwa wa asilimia 15, mota itatakiwa kutoa kama wati 370 kwa mwendo ule ule. Kila chama kifanye hesabu hii kwa mlima wake chenyewe.

Mota iko wapi?

Mota ni za namna mbili. Namna ya kwanza imo ndani ya gurudumu, pale spoku zinapokutana. Ni rahisi kwa bei, wala haichoshi mnyororo. Kasoro yake ni kwamba haitumii gia za baiskeli. Gurudumu likizunguka polepole mlimani, mota nayo huzunguka polepole. Hapo hunyonya umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka kuwa joto. Zile zenye gia ndogo ndani yake hupanda vizuri zaidi kuliko zisizo nazo, lakini nazo huchoka mlima ukiwa mrefu.

Namna ya pili imefungwa katikati ya baiskeli, penye pedeli. Nguvu yake hupitia mnyororo na gia, kama nguvu ya miguu. Mpandaji akiweka gia nyepesi, mota huendelea kuzunguka kwa mwendo unaoifaa hata gurudumu likienda polepole. Bei yake ni kubwa zaidi, na mnyororo huisha mapema, lakini kwa mlima mkali na mrefu hiyo ndiyo ifaayo.

Tusidanganywe na idadi ya wati peke yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya kawaida ya umeme huruhusiwa mota ya wati 250 za kudumu, nayo huacha kusaidia mwendo ukifika kilometa 25 kwa saa. Nyingi za aina hiyo hupanda milima vizuri, kwa sababu mota iko penye pedeli. Yaweza kuishinda mota ya gurudumu iliyoandikwa wati 500.

Betri na hesabu yake

Ukubwa wa betri hujulikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina wati-saa 504. Kuinua kilo 110 mita 500 juu huhitaji wati-saa 150. Tukiongeza zinazopotea njiani, ni kama 200. Kwa kuwa betri hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita, tunashauri inunuliwe yenye ukubwa mara mbili ya mahitaji ya siku.

Gharama ya kuchaji si kubwa. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Kujaza betri ya mfano wetu huchukua uniti 0.6 hivi. Gharama kubwa ni betri yenyewe itakapokufa. Betri za risasi na asidi ni rahisi, lakini ni nzito na hazidumu. Za lithiamu ni nyepesi na hudumu zaidi. Zichajiwe kwa chaja yake tu, mchana, mtu akiwapo, mbali na kitanda na mbali na vitabu vya chama, kwa maana betri mbovu huweza kuwaka moto.

Mpanda ngazi hushuka

Wengi hufikiria kupanda, wakasahau kushuka. Nguvu yote iliyokuinua mita 500 asubuhi, jioni ni lazima izuiwe, na baiskeli nyingi haziirudishi katika betri. Kwa hiyo mzigo wote huwa juu ya breki. Breki za mpira unaobana rimu hudhoofika kwenye mvua na tope. Chagua breki za diski, mbele na nyuma, na ikiwezekana za mafuta. Vibanio vyake vikaguliwe kila juma. Hapa hatuzungumzii fedha tena. Ni uhai wa mtumishi wa chama.

Kabla ya kulipa

1. Baiskeli ijaribiwe kwenye mlima wa chama, ikiwa na mzigo kamili. Isimamishwe mahali pakali kuliko pote, kisha iondoke.

2. Muuzaji akikataa jaribio hilo, Bodi isinunue.

3. Dhamana ya betri na mota iwe ya maandishi, na ijulikane vipuri vitapatikana wapi.

4. Bei ya betri mpya igawanywe kwa miezi inayotarajiwa kudumu, na kiasi hicho kiwekwe akiba kila mwezi.

5. Baiskeli iandikwe katika daftari la mali za chama, pamoja na jina la mwenye dhamana nayo.

Hesabu hizi zisomwe mbele ya wanachama kabla ya uamuzi, kwani fedha ni zao. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.