Mkutubi Si Bawabu wa Vitabu

Ndugu msomaji, ukisikia neno "mkutubi", huenda ukamfikiria mtu aliyekunja uso akikwambia, "Nyamaza!" La hasha! Mkutubi wa vijana ana kazi kubwa kuliko hiyo.

Kwanza, huwasomea watoto hadithi kwa sauti. Hadithi inaponoga tu, hukatiza, ili mtoto akiazime kitabu mwenyewe. Pili, huwafundisha kazi za mikono: kushona vitabu vilivyochanika na kuunda vibaragosi kwa maboksi makuukuu. Mtoto aliyeunda Sungura atataka kusoma ujanja wa Sungura, ama sivyo? Tatu, huandaa mijadala na mashindano ya mashairi.

Aidha, mkutubi humfuata msomaji aliko. Mwaka 1996, huko Garissa, Shirika la Huduma za Maktaba nchini Kenya, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia. Kwa nini ngamia? Wafugaji huhama wakitafuta maji na malisho, na gari hukwama mchangani. Mkeka ukishatandikwa chini ya mti, maktaba imefunguliwa!

Je, sisi wa Gataka tuna kisingizio gani? Hapa hatuhitaji ngamia. Lakini kabati likitiwa kufuli eti vitabu visichafuke, watakaovisoma ni mchwa. Jamani, heri kitabu kichakae mikononi mwetu kuliko kuozea kabatini. Wanachama wawili washike zamu kila Ijumaa, mmoja aandike daftari la kuazima, mwingine awasomee wanafunzi wadogo.

Walimu wetu wapenzi, tunaomba ufunguo tu.