Kupima Matumaini ya Mfanyabiashara

Kwenye pwani ya Mizingani, Mji Mkongwe wa Unguja, lipo jumba la Zahanati ya Zamani, ambalo ujenzi wake ulianzishwa na Tharia Topan mwaka 1887. Tajiri huyo alikopesha misafara ya biashara. Mdeni wake mmoja, Tippu Tip, alikwenda bara mwaka 1870, asirejee Unguja hadi 1882. Muda wote huo mkopeshaji alikuwa na matumaini tu. Je, matumaini hupimika?

Swali hilo humkabili leo auzaye safari za matembezi mjini humo. Programu za kompyuta za kuratibu wateja humpangia kila mteja katika hatua yake: ameulizia, amepewa bei, ametoa arbuni, amemaliza malipo. Kila apandapo hatua, uwezekano wa kulipa huongezeka.

Tuchukue mfano. Safari moja ni shilingi 100,000. Wageni 20 wameulizia, 10 wamepewa bei, 5 wametoa arbuni. Daftari la miaka iliyopita laonyesha kwamba hulipa mmoja katika kila 10 wa hatua ya kwanza, 3 katika 10 wa hatua ya pili, na 9 katika 10 wa hatua ya tatu. Basi hutarajiwa wageni 2, 3 na 4.5, jumla 9.5, yaani shilingi 950,000. Ahesabuye wote 35 hujiona ana shilingi 3,500,000, akakodi mashua nyingi kupita kiasi, akafilisika.

Kanuni hii ya kuzidisha thamani kwa uwezekano ilielezwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1657, alipochunguza michezo ya bahati nasibu.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba jawabu hilo ni wastani. Kundi moja kubwa ama litakuja, ama halitakuja. Nusu yake haiji. Tena, wageni wote waweza kuzuiwa na sababu moja, kama ilivyotokea mwaka 2020 kwa ugonjwa wa korona. Hapo uwiano wa miaka iliyopita haufai kitu.

Kompyuta, basi, huzidisha tu. Ukweli wa jawabu hutoka katika daftari lililoandikwa kwa uaminifu, wasiolipa wakiwemo. Mwalimu aweza kuwaagiza wanafunzi wahesabu upya: iwapo watoa arbuni wawili watapewa udhuru na kurudishiwa fedha zao, mfanyabiashara atarajie shilingi ngapi?