Utepe wa Rangi Tatu

Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Marsabit ni laini, nayo humdanganya mgeni. Akiiacha na kushika njia ya jangwa la Chalbi, ndipo anapoona ukame ulivyowafilisi wafugaji. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 wakafa nchini Kenya.

Anayetarajia kuona misaada ya magunia ya mahindi tu atashangaa: kazi nzito huanza na utepe mwembamba. Mhudumu wa afya ya jamii humzungushia mtoto mkononi, juu ya kiwiko. Ukionyesha kijani, yuko salama; manjano, aangaliwe; nyekundu, yaani mzunguko wa mkono uko chini ya sentimita 11.5, ana utapiamlo mkali. Huyo hupewa pakiti za lishe ya karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta, iliyobuniwa Ufaransa miaka ya 1990. Pakiti ya gramu 92 ina kilokalori 500 na haichanganywi na maji. Pale ambapo mtungi mmoja wa maji ni safari ya saa nyingi, hilo si jambo dogo.

Kaya maskini nazo hutumiwa pesa, zijiamulie: unga, dawa, au deni la duka.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya limewahi kununua mbuzi na ng'ombe waliodhoofu, wakachinjwa, nyama ikagawiwa wenyeji. Mfugaji hupata chochote kabla mnyama hajawa mzoga, japo kwa bei ambayo wakati wa neema angeicheka.